Siku ya kumpumzisha mbwa: namna ya kuipanga kabla haijakukamata

Mbwa wetu aliitwa Watasema. Jina alipewa na mama mkwe wangu, kwa sababu ambazo majirani wa wakati ule walizielewa bila kuelezwa, akaishi nalo miaka 13 hapa Uyole, Mbeya. Alipozeeka na kuugua, kweli wakasema. Mmoja alishauri nimtie kwenye gunia nikamtupe mbali, mbwa ni mbwa tu. Mwingine, mtu wa kanisani, alisema uhai ni mali ya Mungu, nimwache afe kifo chake. Nikawa katikati, sina jibu, sina hata namba ya simu ya daktari wa mifugo.

Ninayoyaandika hapa, kuhusu kumpumzisha mbwa asiyetibika, yaani daktari kumchoma dawa afe bila kuumia, ni yale niliyohitaji kuambiwa miezi minne kabla. Yanahusu mbwa zaidi kwa kuwa ndio niliokaa nao. Mwenye paka atajiokotea ya kwake njiani.

Yasiyosubiri

Kuna hali ambazo hazina kuketi na kutafakari. Mbwa aliyegongwa na lori barabara kuu, akawa anaburuza nusu ya mwili huku analia. Anayepigwa degedege na dakika 5 zimepita halijakatika. Mwenye tumbo lililojaa ghafla kama ngoma, anataka kutapika na hakitoki kitu. Ambaye fizi zake zimekuwa nyeupe au za bluu. Hao ni wa kupelekwa kwa daktari saa hiyohiyo. Huenda wakatibika, huenda ukaambiwa papo hapo kwamba kilichobaki ni kumpumzisha, lakini usianze kusoma hatua za hapa chini wakati mnyama anakata roho mbele yako.

Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anang'ata hovyo, au taya limelegea na mate yanamwagika, huyo mhesabu kuwa ana kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vingine. Usimshike, usimfungue mdomo kumnywesha maji. Mfungie alipo umwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo, asingoje kuona mbwa atafanyaje. Mbwa huyo akiuawa asipigwe kichwani, maana kinachopimwa ni ubongo. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa, na mtaalamu wa kata ndiye anayejua namna ya kufikisha sampuli.

Hapo kuna jambo la pembeni watu hulisahau. Mbwa mzee mwenye maumivu anaweza kumng'ata mtoto aliyemkanyaga, na wenye nyumba wakaona hiyo ndiyo sababu ya kummaliza kesho yake. Mwambie daktari kwanza kwamba ameng'ata. Mbwa asiye na dalili aliyeng'ata mtu kwa kawaida hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, mnajua kwamba hakumwambukiza mtoto siku ile.

Hatua ya 1: hakikisha ugonjwa wenyewe hautibiki

Wengi wetu tunaruka hatua hii. Tunamwona mbwa amelala siku tatu, hali chochote, ufizi umepauka, mkojo una rangi ya kahawa, tunasema amefika. Kumbe ni homa ya kupe, na homa ya kupe ikiwahiwa ina dawa. Tahadhari moja tu: dawa ya ng'ombe unayoweza kuuziwa dukani kwa ugonjwa huohuo ikizidi kidogo kwa mbwa humharibu ubongo, kwa hiyo kipimo apange daktari, usipange wewe na muuzaji.

Mwingine anayehukumiwa bila kosa ni mbwa mwenye uvimbe kama koliflawa sehemu za siri, unaodondosha damu na kunuka. Unatisha kuutazama. Ni kansa, ndiyo, lakini ni kansa ya aina yake: huambukizwa kwa kupandana, na mbwa wengi hupona kabisa kwa sindano za vinkristini, dawa ya kansa, wanazochomwa mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Nimeona watu wakimpa mbwa wa namna hiyo nyama ya mwisho.

Halafu kuna baridi yetu. Mbeya mjini ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai hapa Uyole unaamka unakuta ukungu umelala juu ya matuta ya viazi. Mbwa mzee mwenye ugonjwa wa viungo hawezi kusimama saa 12 asubuhi ya Julai. Njombe na Makete ndiyo usiseme. Nilichojifunza ni kutomhukumu asubuhi. Mtandikie mabua makavu, juu weka gunia na blanketi kuukuu, umwondoe kwenye saruji tupu, kisha umwangalie tena saa 7 mchana jua likiwa limemchoma mgongoni. Akiinuka na kuzunguka uwanja, tatizo lake lina sehemu kubwa ya baridi na maumivu ya viungo, na vyote viwili vinapunguzika. Akiwa bado hawezi saa 7 mchana, hayo ni mazungumzo mengine.

Kuhusu dawa za maumivu nitakiri kosa langu. Nilimpa Watasema kidonge cha diklofenaki, dawa yangu mwenyewe ya mgongo, nikiona namhurumia. Kesho yake alitapika damu. Diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo la mbwa na kuua figo zake; kwa paka hata Panadol moja inaweza kumuua. Ziko dawa za maumivu za mbwa, na daktari akikosa ya mbwa anajua ipi ya binadamu inafaa na kwa kiasi gani. Wewe na mimi hatujui.

Hatua ya 2: andika mambo matatu, na uyaandike mapema

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Mtu anayempenda mnyama hushusha kiwango bila kujijua. Mwezi wa kwanza nilisema Watasema yu mzima kwa kuwa anatembea hadi sokoni nyuma yangu. Mwezi wa pili nikasema yu mzima kwa kuwa anafika getini. Wa tatu, kwa kuwa ananyanyua kichwa nikimwita. Kila mara nilikuwa mkweli, na kila mara nilikuwa nimehamisha alama. Ningeendelea hivyo ningefika mahali pa kusema yu mzima kwa kuwa anapumua.

Dawa yake ni kuandika sasa, mbwa akiwa bado ana nafuu, mambo matatu ambayo yakiondoka, yeye si yeye tena. Yawe ya huyo mbwa, usiazime ya mbwa wa mwenzio. Ya Watasema yalikuwa haya: kwenda getini mwenye maziwa akifika na pikipiki yake, kutoka nje kujisaidia badala ya kujichafulia alipolala, na kunguru. Alikuwa na ugomvi wa kudumu na kunguru wanaotua kwenye bati la jikoni, na hata akiwa hoi aliwabwekea, japo kwa kukaa.

Ona kwamba chakula hakimo. Nilikiondoa baada ya kushauriwa, na nashukuru. Tumezoea kusema "mbona bado anakula" kana kwamba hilo linamaliza maneno. Watasema alikula ukoko wa wali mpaka asubuhi ya siku yake ya mwisho. Mbwa anaweza kuwa na maumivu makali akala, kwa kuwa kula kwake hakusubiri raha. Akiacha kula, hiyo ni dalili nzito. Akiendelea kula, bado hujajua kitu. Paka ni kinyume kidogo, yeye akisusa chakula siku mbili usimwache, mpeleke akaonwe.

Hatua ya 3: kalenda ya ukutani

Tulikuwa na kalenda ya kanisa jikoni. Kila usiku, kabla ya kufunga geti, niliweka duara kama mambo mawili kati ya yale matatu yalifanyika siku hiyo, na msalaba kama hayakufanyika. Basi. Ni kazi ya sekunde 10, lakini inakuzuia kudanganywa na siku moja. Mbwa mgonjwa ana siku zake za kuamka mchangamfu, na siku moja ya namna hiyo inatosha kufuta wiki nzima kichwani mwa mtu anayetaka kuamini. Kalenda haifuti.

Kanuni niliyojiwekea: misalaba 4 ndani ya siku 7, ninapiga simu, na simu hiyo ni ya kupanga siku. Unaweza kuweka yako. La muhimu iwe imewekwa kabla, na mtu mwingine nyumbani aijue.

Anayependa hesabu iliyopangwa vizuri zaidi, daktari wa wanyama wa Marekani anayeitwa Alice Villalobos alitengeneza mizani yenye vipengele saba: maumivu pamoja na kupumua, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila kimoja unakipa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 inachukuliwa kwamba mnyama bado ana maisha yanayovumilika. Niliijaribu. Inasaidia hasa mnapobishana wawili, kila mmoja anaandika zake pembeni kisha mnalinganisha. Mume wangu alimpa 7 kwenye furaha, mimi nilimpa 3, ndipo nikagundua kwamba yeye humwona jioni tu, saa ambayo mbwa anamfurahia mtu aliyerudi.

Pamoja na kalenda, hesabu pumzi. Mbwa akiwa amelala usingizi, kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa dakika nzima zisifike 30. Zikipita hapo usiku baada ya usiku, moyo au mapafu yana shida. Tazama pia anavyolala: anayebadilisha mkao kila baada ya muda mfupi, anayehema na hakuna joto, anayelamba sehemu moja mpaka manyoya yanatoka, anayekwenda kujificha nyuma ya ghala wakati zamani alilala mlangoni. Mbwa halii kila anapoumwa. Wengi hunyamaza.

Hatua ya 4: nani ana kauli

Kikao cha familia kifanyike, lakini kura zisilingane. Kwetu shemeji alipiga simu kutoka Dar akasema tusimuue mbwa wa mama. Hakuwa amemwona mwaka mzima. Mimi nasema anayeamka saa 8 usiku kumgeuza mbwa upande wa pili na kumfuta mkojo, huyo ndiye kauli yake iwe na uzito, na wengine wamsaidie kuibeba.

Suala la Mungu lilitatuliwa na mzee mmoja wa jirani, tukiwa tumeketi juani. Aliuliza, "Ng'ombe akivunjika mguu mnamfanyaje?"

"Tunamchinja, mzee."

"Kwa nini hamngoji afe mwenyewe?"

Kimya. Kisha kijana mmoja akasema nyama itaharibika. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo huyu mnamwacha ateseke kwa kuwa hana nyama?" (Mimi ni mtu wa Iringa, ambako tunataniwa kwamba tunakula mbwa, na mtani wangu mmoja alitaka kuchangia hoja kuhusu nyama hiyo. Akanyamazishwa.)

Sisemi kwamba jibu la mzee litamtosha kila mtu. Kama imani yako inakuzuia, muulize mchungaji wako au shehe wako waziwazi, umwambie hali ya mnyama ilivyo, usimuulize kwa mafumbo.

Hatua ya 5: mpate daktari kabla hujamhitaji

Usisubiri msalaba wa nne. Mwenye kufanya kazi hii anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Anzia ofisi ya mifugo ya halmashauri au kata, au uliza kwenye duka la dawa za mifugo ni daktari gani hushughulikia mbwa, kwa sababu si kila anayechanja kuku na kutibu ng'ombe amezoea mbwa. Ukiwa Makete ndani au milimani Rungwe, na mvua zile, uulize pia anafikaje na usafiri analipa nani. Gharama inategemea uzito wa mbwa na umbali, kwa hiyo itajwe yote kwa pamoja, ikiwa na mafuta ya pikipiki.

Kisha muulize maswali haya bila haya. Atatumia dawa gani? Atamlaza kwanza kwa dawa ya usingizi? Anakuja nyumbani? Nani anazika?

Swali la pili ndilo lenye uzito kuliko yote. Njia nzuri ni mbwa kupoteza fahamu kwanza, halafu moyo usimame. Dawa inayotumika sana duniani ni pentobarbitali, dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa mno, inayoingia kwenye mshipa. Haipatikani kila mahali. Daktari asipokuwa nayo anaweza kutumia njia nyingine, mradi mbwa awe amelala usingizi mzito wa dawa kabla. Ukiambiwa atachomwa dawa ya kupooza misuli, au kloridi ya potasiamu, akiwa macho, kataa. Kwa dawa ya kupooza ataonekana ametulia kwa nje, kumbe ndani anasikia kila kitu.

Na sumu, hapana. Nikiwa na miaka 11, Kihesa, Iringa, mbwa wetu Simba alikuwa na kidonda kilichoingia funza. Wakubwa walisema atapona mwenyewe, kisha wakasema atakufa mwenyewe, na hakufanya lolote kati ya hayo mawili kwa wiki tatu. Jioni moja mtu wa mtaani alijitolea "kutusaidia", akaja na kipande cha nyama kilichopakwa dawa ya wadudu wa shambani. Ilianza magharibi. Jogoo wa kwanza aliwika Simba bado yu hai. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, ila mimi sihitaji sheria kunieleza nilichosikia usiku ule. Tena sumu haiishii kwa mmoja: anayeokota mzoga anakufa naye, awe mbwa wa jirani au mwewe. Kule pembezoni mwa Ruaha tai wamekufa kwa namna hiyo.

Swali la mwisho la kumuuliza daktari, akishamwona mbwa, ni "angekuwa wako ungefanyaje?" Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa. Daktari wetu, kijana, alimpapasa Watasema tumbo, akanishika mkono wangu na kuuweka pale penye uvimbe, mgumu, wa ukubwa wa chungwa.

"Mama, angekuwa wangu, ningefanya wiki iliyopita."

"Mbona wiki iliyopita ulikuja na hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama. Ulisema unataka dawa ya hamu ya kula."

Madaktari wengi hawataanza wao kulisema. Wanaogopa uone wanajitafutia biashara au wanakufundisha kumpenda mbwa wako. Uliza wewe.

Hatua ya 6: siku yenyewe

Chagua asubuhi ya siku ya kawaida, daktari asiwe na haraka ya kuwahi mnada wa ng'ombe. Kaburi lichimbwe jana yake, hasa kama ni Oktoba na ardhi imekauka kama tofali; kijana wa kuchimba mlipe siku hiyohiyo umwombe akae kimya. Mbwa wa pili nyumbani afungwe mbali mpaka mambo yaishe, kisha aachiwe anuse. Mwenye maziwa mpigie apite mchana.

Kama unaweza kukaa, kaa. Wanaosema hawawezi wasilaumiwe, lakini wawepo wengine anaowajua, asiachwe na mgeni mwenye koti jeupe tu.

Yatakayotokea ni haya. Kwanza sindano ya usingizi kwenye msuli wa paja. Anaweza kushtuka kidogo. Ndani ya dakika 5 hadi 15 kichwa kinaanza kuwa kizito. Watasema alikuwa amelala juu ya mabua yake, upande wa jua, na nilikuwa na ukoko mfukoni mwa kitenge. Alikula vipande viwili, cha tatu kikabaki kimemning'inia mdomoni, nikakitoa. Kisha daktari ananyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, anafuta kwa spiriti, anafunga mpira kutafuta mshipa. Mbwa mzee mishipa yake hujificha, kwa hiyo usishangae akijaribu mguu wa pili. Dawa ikishaingia ni dakika moja, pengine pungufu.

Baada ya hapo, na hili hakuna aliyeniambia: macho hayafumbi. Yanabaki wazi. Mkojo unaweza kutoka, misuli ikachezacheza, na anaweza kuvuta pumzi ndefu mara moja au mbili wakati moyo umeshasimama. Mume wangu alipiga kelele "bado yu hai!" Hakuwa hai. Daktari alisikiliza kifua kwa kipimo chake muda mrefu, akagusa jicho kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. Usikubali azikwe kabla ya ukaguzi huo.

Kaburi

Kina kisipungue mita moja, na kiwe mbali na kisima au chemchemi. Dawa iliyomuua hubaki mwilini, na mnyama atakayefukua akala anaweza kufa, kwa hiyo juu panga mawe mazito kabla ya kurudishia udongo wa mwisho. Tukuyu na kwingine kwenye mvua nyingi, chagua mahali palipoinuka. Mfunge kwa shuka la pamba au kanga, si mfuko wa nailoni. Mpangaji asiye na uwanja aombe kipande kwa mtu mwenye shamba, aombe mapema, na aseme ukweli kwamba ni mbwa. Kutupa dampo au mtoni, hapana.

Watoto

Neema wangu alikuwa na miaka 9. Nilimwambia usiku uliotangulia: Watasema anaumwa, hatapona, kesho daktari atamchoma dawa itakayomfanya afe bila kuumia. Neno ni "afe". Lile la kumpumzisha, na lile la kulala, tuachiane watu wazima. Mtoto anayeambiwa mbwa amechomwa sindano akalala, akipelekwa zahanati wiki ijayo na homa utaona atakavyokimbia. Usimwambie pia kwamba amesafiri au ametoroka, kwa sababu atakaa getini anamngoja.

Alitaka kujua kama alikosea kumpa mfupa wa kuku mwezi ule. Watoto wana hesabu zao za makosa. Muulize mwanao anafikiri ni kwa nini mbwa amekufa, umsikilize mpaka mwisho.

Alitaka kuwepo. Nilimruhusu kwa dawa ya kwanza, akamuaga akiwa anasinzia, kisha akaenda kwa bibi yake. Mtoto mwingine angeweza kukaa mpaka mwisho, au asitake kabisa.

Baada ya hapo

Dawa zilizobaki usimpe jirani kwa ajili ya mbwa wake, mrudishie daktari. Blanketi la mabua lichomwe kama lina kupe. Bakuli osha kwa sabuni, kisha loweka kwenye maji yenye jiki, sehemu 1 ya jiki kwa 30 za maji, dakika 10, na usuuze.

Kama ulimpoteza kwa parvo, ugonjwa wa kuambukiza unaomharisha mbwa damu, virusi vyake hukaa kwenye udongo wa uwanja miezi mingi, vinaweza kufika mwaka. Usilete mtoto wa mbwa hapo mpaka awe amemaliza chanjo zake zote, hata kama watoto wanalia na jirani ana watoto sita wa mbwa anawagawa bure. Kama alikufa kwa uzee au uvimbe, kama wetu, mbwa mpya anaweza kuja wakati wowote mnapojisikia. Sisi bado. Kunguru wamerudi kwenye bati la jikoni, wanatua asubuhi na hakuna anayewasemesha, na mwenye maziwa bado anapiga honi mara mbili kabla ya kufika, kwa mazoea.